Majivu ya Jirani

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiberiti alifagia ua, akabandika chai kwenye jiko la gesi, kisha akagonga mlango wa baba yake taratibu, maana baba hakupenda kuamshwa kama mtu ambaye nyumba yake inaungua. Jina la Kiberiti alipewa na wenzake darasani. Alikuwa mdogo wa umbo, na ukimtania kidogo tu alikuwa ameshawaka.

Baba alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha kusaga unga. Tangu mama afariki walibaki wawili katika nyumba hiyo, na kazi waligawana bila maneno mengi. Kazi moja tu ilikosa mwenyewe: kuwasha mkaa. Hiyo ilikuwa kazi ya mama. Jiko lake la mkaa lilikaa nje likaliwa na kutu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitupa.

Siku moja baba alirudi na unga kwenye nyusi na habari njema mdomoni.

"Bibi yako ametoka hospitali. Jumapili atakuja kushinda nasi."

"Kifua kimepona, baba?"

"Kimepata nafuu. Kingepona mapema kama wakubwa wa ile hospitali wangetia kioo kwenye dirisha la wodi. Wanasubiri nini? Wagonjwa walizibe kwa migongo yao?" Baba alivua viatu kwa hasira, kana kwamba viatu ndivyo vilivyovunja dirisha. "Anataka nyama ya kuchoma. Anasema uji wa wodini umemsahaulisha kwamba ana meno."

"Na moshi? Si daktari alimkataza moshi?"

"Tutachoma uani penye hewa. Mkaa ukiiva vizuri hautoi moshi wa kumsumbua mtu. Tunachohitaji ni jiko la maana."

Kesho yake walikwenda dukani. Majiko ya kuchomea nyama yalikuwa yamepangwa mlangoni, mekundu, yanang'aa kama magari ya maharusi. Baba hakutazama rangi. Aliinua kifuniko kimoja akakibonyeza kwa kidole gumba, na bati likaingia ndani kama shavu la kibogoyo. Alitikisa miguu ya jiko, ikacheza. Juu ya kifuniko kulikuwa na karatasi ya dhahabu iliyoandikwa LIMEPIMWA.

"Limepimwa na nani?" baba aliuliza.

"Na wanaohusika, mzee," alijibu muuzaji. "Hili ni jiko la kutumia nje."

"Nje wapi? Nje ya duka tu? Moto wa kwanza litakunja miguu." Alimgeukia Kiberiti. "Unaiona karatasi hii, mwanangu? Kuna mtu analipwa mshahara alishike jiko, alitikise, aliwashie moto. Yeye kakaa ofisini kabandika karatasi. Likimwagia mtoto wa watu makaa miguuni, hutamwona."

Walitoka hapo wakaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye wote walimwita Cheche. Karakana yake ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, na majiko yake yalitengenezwa kwa mapipa yaliyokatwa katikati kwa urefu. Chuma kilikuwa kinene. Miguu ilichomelewa, haikufungwa kwa skrubu. Chini, pembeni, palikuwa na kilango kidogo cha kuingizia hewa.

"Pipa hili lilibeba nini?" baba alitaka kujua.

"Mafuta ya kula. Pipa la dawa ya wadudu silikati, hata unipigie magoti." Cheche alisukuma miwani yake juu ya paji la uso. "Lakini nisikilizeni. Nje nimelipaka rangi, na ndani lina utando wa kiwandani. Kabla hamjaweka nyama, liwasheni tupu. Moto mkubwa, mkaa mwingi, mpaka harufu ya rangi iishe kabisa. Mkichomea nyama hivihivi, mtakula rangi na mtavuta sumu. Mwenye kifua ndiyo asikaribie kabisa."

"Tutaliwasha Jumamosi," alisema baba.

Jumamosi ilipofika, msimamizi wa kiwanda akatuma mtu kuja kumwita baba kazini. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na mashine iliyoharibika ndiyo ileile aliyoisema mwezi mzima bila kusikilizwa.

"Wao wanaziba masikio, mimi naziba matundu," baba alinung'unika akitafuta kofia. "Kiberiti, utaweza kuliwasha lile jiko?"

"Baba! Mimi niitwe Kiberiti halafu nishindwe na mkaa?"

"Mafuta ya taa usiguse. Ukikwama muite mama mshonaji hapo jirani, nimeshamwambia. Na harufu iishe kabisa."

Kiberiti alimwaga mkaa ndani ya jiko, akausambaza vizuri kama mtu anayeanika mahindi. Akaweka karatasi juu yake, akawasha. Karatasi zikawaka kwa mbwembwe, zikazimika. Mkaa ukabaki mweusi vilevile, unamtazama. Akaongeza karatasi. Akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Kile kilango cha hewa kilikuwa kimefungwa, naye hakujua hata kazi yake.

Rafiki yake wa darasani, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alichungulia juu ya ukuta.

"Unapika karatasi?"

"Ondoka!"

"Kumbe kiberiti chenyewe kimelowa! Ngoja niwaambie darasani."

Kiberiti aliwaka, lakini mkaa haukuwaka. Mashine ya mama mshonaji ilisikika ikikereza kwenye kibaraza cha pili. Angeweza kumwita. Lakini angemwambiaje mtu kwamba ameshindwa, na asubuhi amejigamba vile? Tena Redio akiwa anasikia?

Alipokwenda kwa mshonaji, hakuomba msaada. Aliomba majivu.

"Ya nini, binti yangu?"

"Ya kusugulia sufuria, shangazi."

Akayamwaga ndani ya jiko jipya, akayasugua kotekote kwa kitambaa mpaka chuma kikageuka kijivu. Mkaa alikuwa ameshaurudisha guniani ulikotoka.

Jioni baba alirudi akiburuta miguu. Alichungulia ndani ya jiko, akaona majivu.

"Umeliunguza?"

"Ndiyo, baba."

"Hodari wewe. Mama yako angekuwepo angecheka kwa furaha."

Kiberiti akaenda kukificha kile kitambaa chenye majivu.

Jumapili bibi alifika na fimbo yake na maneno yake. Alikaa kwenye kiti uani, akatazama jiko kama mkaguzi. "Hili pipa ndilo mnaita jiko? Basi na mimi niiteni binti."

Baba alicheka, kicheko ambacho Kiberiti alikuwa hajakisikia siku nyingi. Akafungua kilango cha hewa. Akapanga vijiti vikavu na karatasi, akarundika mkaa juu yake kama kichuguu, akawasha kutokea chini. "Mkaa hautaki kulazwa," alieleza. "Unataka kubebana. Kipande kinampa mwenzake moto, na hewa inapita katikati."

Kiberiti aliona makosa yake yote yakipita mbele ya macho. Moto ukashika. Bibi akasogeza kiti karibu ili aote joto.

Kisha harufu ikaanza. Haikuwa ya mkaa. Ilikuwa kali, chungu, kama ndani ya karakana ya Cheche. Moshi mweusi ukapanda ukutani mwa pipa. Bibi akakohoa, akakohoa tena, akashika kifua.

Baba alikunja uso. "Ni mkaa gani huu? Hawa wauza mkaa nao..."

"Si mkaa!" Kiberiti alipiga kelele. Alikuwa ameshamshika bibi mkono. "Bibi, inuka, twende ndani! Baba, sikuliunguza jiko. Nilishindwa kuwasha. Nilipaka majivu ya mama mshonaji."

Baba alimshika bibi karibu amwinue kabisa, akamkalisha chumba cha mbele upande usiopata moshi, akafunga mlango wa uani. Kiberiti alileta maji na dawa ya kifua ya kuvuta kutoka kwenye mkoba wa bibi. Walimtazama bibi akihema, na kila pumzi ilionekana ndefu kuliko siku. Mwishowe kifua kikatulia.

"Ni yule msimamizi," baba alianza. "Angeniacha nyumbani jana..."

"Msimamizi ndiye aliyepaka majivu?" bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

Baba akaketi chini, mbele ya binti yake.

"Unaikumbuka ile karatasi ya dukani?"

Kiberiti alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yakidondoka.

"Majivu yako yalikuwa karatasi ileile. Yalisema limepimwa, na halikupimwa. Mimi nimewatukana wale watu miaka yote. Na jana nilikuja nikachungulia tu, sikunusa, sikuuliza hata gunia la mkaa mbona limejaa. Nimefanya kama wao. Lakini wewe umefanya jambo moja ambalo wao hawalifanyi. Umesema kabla nyama haijawekwa."

Alasiri yote jiko liliwaka tupu. Safari hii Kiberiti ndiye aliyeongeza mkaa, akiurundika, huku baba akiwa pembeni. Moshi mweusi ukageuka wa kijivu, kisha ukakosa rangi. Aliinamisha pua, akanusa, akamwita baba naye anuse, wakamwita na mama mshonaji, ambaye alinusa akauliza kama sufuria zilitakata. Kiberiti akamwomba radhi.

Mkaa ulipovaa weupe, wakasugua wavu, wakaweka nyama. Bibi alirudi uani, akakaa mbali, upepo ukitokea upande wake. Alitafuna kipande cha kwanza akiwa amefumba macho.

"Meno yapo," alitangaza.

Redio alichungulia juu ya ukuta akifuata harufu. "Nani kawasha?"

"Jana nilishindwa," alijibu Kiberiti. "Leo nimefundishwa. Zunguka mlangoni, uache kuning'inia kama nguo."

Baba alimpa binti yake koleo la makaa. "Kushindwa kuwasha moto si aibu, mwanangu. Aliyeshindwa na akasema, anasaidiwa. Aliyeshindwa na akaficha, anamwachia mwingine moshi. Jumapili ijayo utawasha wewe."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nitakuja kunusa."