Meza Ambayo Wote Walishinda

Kapu la usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, lilikuwa limejaa pomoni, lakini pesa iliyofichwa chini yake haikuwapo.

Inspekta Hildegardi Komba alichuchumaa katika stoo ya Bernadi Kapinga, kijijini Ruanda, wilaya ya Mbinga, akakikunjua kitambaa alichokabidhiwa na wenye nyumba. Kitupu. Humo ilikuwa imefungwa ada ya Scholastica, binti yao, aliyetakiwa kuripoti kidato cha tano Jumatatu inayofuata. Asiporipoti, nafasi yake anapewa mwingine.

"Nani alijua pesa iko hapa?"

"Mimi peke yangu, Afande," alisema Kunigunda, mke wa Bernadi. "Mwanamume gani anatia mkono kwenye kapu la usipa?"

"Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Jumatano. Ijumaa tulishinda shambani wote, tunachuma kahawa. Leo asubuhi naitafuta, hakuna."

"Unamshuku nani?"

Kunigunda alitazama uani. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Yule pale."

"Mume wako?"

"Anacheza poka, Afande. Niseme nini tena?"

Hakuhitaji kusema zaidi. Tangu biashara ya kahawa ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuwa wamepanda Mbinga na mizani yao, pesa taslimu na hiyo poka, kamari ya karata. Kila Jumamosi chumba cha nyuma cha gesti moja mjini kilijaa moshi, na wanaume wazima walitoka humo wakiwa hawana hata nauli. Inspekta aliwajua wengi wao kwa majina. Alikuwa amechoka nao.

Konstebo aliyekuja naye alipekua nyumba. Chini ya kitanda alikuta kopo la maziwa ya unga limejaa noti. Inspekta alizinusa. Zilinuka usipa.

Kunigunda alizinusa pia, akakaa chini, akaanza kulia.

"Bernadi Kapinga," alisema Inspekta, "pesa ya mtoto imefikaje humu?"

Bernadi alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama Inspekta. Alimtazama mkewe.

"Umeniletea polisi, mama Scholastica?"

"Jibu swali," alisema Inspekta.

"Hii ni pesa ya karata, Afande. Nyingi nimeipata mezani Jumamosi."

Konstebo aliguna, akatoa pingu.

"Naomba unisikilize. Kopo hili ndilo mtaji wangu wa mchezo. Pesa ya kahawa haiingii humu, na ya humu haiendi kununua chumvi mpaka mwaka uishe. Nikienda mezani nachukua fungu moja tu katika kumi. Likiisha, nanyanyuka. Kopo likikauka, nimeacha."

"Kumbe wewe ni bingwa."

"Hapana, Afande. Ni mchezaji wa kawaida. Nashinda kwa sababu wenzangu hawajui kunyanyuka."

Inspekta alimwangalia vizuri. Alikuwa amewahoji wacheza kamari chungu nzima, na kila mmoja alikuwa hodari mwenye mikosi. Hajapata kumsikia hata mmoja akijiita wa kawaida. Alimwashiria konstebo arudishe pingu kwanza.

Lakini kumpenda mtu si ushahidi. Alirudi stoo, akaumimina usipa wote mkekani, polepole. Uliokuwa juu ulikuwa umeshageuka manjano. Wa chini ulikuwa mpya, bado unang'aa.

"Mama, usipa huu mpya umekuja lini?"

"Jumatano hiyo hiyo. Aliuleta Joakim kutoka Mbamba Bay. Ndiye baba wa ubatizo wa Scholastica."

"Ukauweka wapi?"

"Si niliumimina juu tu! Nilitoa kwanza kile kitambaa, kisije kikalowa, nikakirudisha chini kabisa."

"Joakim alikuwa wapi?"

"Hapo mlangoni, tunapiga soga. Lakini yule si mtu wa kushukiwa, Afande. Yule ni wa nyumbani."

Inspekta alirudi mjini na lile kapu na kopo la noti, akaagiza wachezaji wenzake Bernadi waletwe kituoni: Ignatio, wakala wa wanunuzi wa kahawa, Edmund, dereva wake, na Joakim, muuza usipa. Aliwahoji mmojammoja.

"Jumamosi ulishinda au ulishindwa?"

"Nilishinda kidogo," alisema Ignatio.

"Nilipata hela ya soda," alisema Edmund.

"Niliondoka na faida," alisema Joakim, huku akiinyoosha kola yake.

Inspekta alicheka mpaka akafuta machozi. Watu wanne, meza moja, wote wameshinda. Labda noti zilikuwa zinataga mayai. Alimrudia Ignatio, akambana.

"Sema kweli, la sivyo unalala humu."

"Basi, Afande, nilipoteza. Na Edmund alipoteza. Lakini aliyeumia hasa ni Joakim. Alikuja na bunda nene linanuka samaki, tukamtania. Lote lilikwenda kwa Bernadi."

"Harufu haikuwashangaza?"

"Muuza usipa anuke nini, Afande?"

Hapo ndipo palikuwa na ugumu. Joakim angesema pesa yake hunuka hivyo siku zote, na nani angembishia?

Inspekta aliwaita Bernadi na Kunigunda, akawaketisha mbele ya Joakim. Kapu akaliweka mezani. Usipa wake ulikuwa umerudishwa kama ulivyokutwa.

"Shikamoo, shemeji," Joakim alimtania Kunigunda. Hakuitikiwa.

"Joakim," alisema Inspekta, "ukipokea usipa mpya sokoni, unauweka wapi?"

"Chini, Afande. Wa zamani unakaa juu, utoke kwanza."

"Siku zote?"

"Siku zote. Hata gizani, mkono umeshazoea."

"Mama Scholastica aliumimina mpya juu. Hebu angalia ndani ya kapu lake."

Joakim aliangalia. Tabasamu lilimwisha. Alirudi nyuma kitini, akaisugua mikono yake kwenye suruali.

"Wewe ulimwaga kapu hili Ijumaa, ukatoa pesa kitambaani, kisha ukapanga usipa kama uko gengeni kwako. Au uongo?"

Joakim alilisukuma kapu kando.

"Au uongo, Joakim?"

"Nilikuwa nairudisha Jumapili kabla ya misa," alisema hatimaye. "Nilitaka usiku mmoja tu."

"Mtaji wako wa usipa uko wapi?"

"Uliishia mezani. Tangu Pasaka nauza samaki wa kukopa."

"Na hukuacha?"

"Niache vipi? Mimi ndiye niliyemfundisha huyu kushika karata!" Alimnyooshea Bernadi kidole. "Hajui kitu. Anachezacheza kama mwanamke anayechagua mchele. Mimi ni hodari, Afande, ni karata tu zilikuwa mbaya. Na isitoshe, pesa imekwenda kwake mwenyewe. Nani kaibiwa hapo?"

Bernadi alimgeukia Joakim.

"Ile karata ya mwisho," alisema, "nilitaka kuitupa, wewe ushinde. Nilikuonea huruma, usirudi mikono mitupu. Ukaniita mwoga mbele za watu. Kumbe ulikuwa unanitukana na ada ya mwanangu mkononi."

"Ungenikopesha, Bernadi?"

"Nisingekukopesha. Ningekwambia mchezo huu huuwezi. Hilo ndilo ulilokuwa hutaki kulisikia, na badala ya kulisikia ukamwibia Scholastica."

Joakim aliinamisha kichwa. Aliandikisha maelezo yake, akasaini, akafungwa pingu. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Nilikuwa na jozi mbili za karata," alimwambia konstebo. "Kwa jozi mbili, wewe ungenyanyuka?"

Noti chache zilibaki kituoni kwa kielelezo. Zilizobaki Inspekta alimkabidhi Kunigunda kwa saini, maana mtoto alikuwa anasubiri shule. Kunigunda alizipokea kwa mikono miwili, akamgeukia mumewe.

"Nisamehe, baba Scholastica. Kila anayecheza husema ana utaratibu wake. Ningejuaje wewe unasema kweli?"

Bernadi alizitazama zile noti. Zilikuwa bado zinanuka.

"Kila mwaka nilikufungulia lile kopo ulione," alisema. "Joakim sikuwahi kumwonyesha. Wewe nilikuonyesha."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Akatangulia barabarani kuelekea Ruanda, na mkewe akamfuata nyuma.