Staili ya Kuchuma

Jua lilikuwa linazama nyuma ya malori Ferista aliposhuka Nanyala kuchukua diski. Safari yenyewe haikuwa ya kutisha. Shadrack, mtengenezaji wa filamu kutoka Mbeya, alikuwa amemaliza kupiga picha za dokumentari yake kuhusu klabu za Tunduma na muziki wa mashine unaopigwa humo, ule usio na mwimbaji, mdundo mtupu tangu mwanzo hadi mwisho. Alitafuta mtu wa kuihariri. Ferista, ambaye tangu amalize chuo alikuwa akihariri video za harusi na sendofu, sherehe za kuaga mabinti, katika chumba alichopanga Vwawa, aliona bahati imemwangukia.

Shadrack alimsubiri nje ya duka la mbolea. Diski ilikuwa ndani ya soksi.

"Kuna kijana mmoja humo," alisema. "Utamwona. Yeye ndiye filamu yangu. Vijana wote wa mpakani siku hizi wanacheza staili yake."

"Anaitwa nani?"

Shadrack aligeuza uso, akatazama barabarani. "Hasemi. Nilimhoji mara mbili, hasemi."

"Ni bubu?"

"Sijui, Feri. Wanasema katokea upande wa Zambia, Kiswahili hakijui. Wengine wanamsalimia Kibemba, muli shani, muli shani. Nao hajawajibu."

Akaondoka bila kumaliza soda yake. Ferista alijiuliza mtu anayejivunia filamu yake kwa nini aitue kama mzigo wa moto.

Aliifungua kesho yake saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi, kelele za sokoni zikiingia. Picha zilikuwa upande wake na sauti upande wake. Kuziunganisha kuna mbinu rahisi: unatazama miguu. Mguu ukigusa sakafu, mdundo nao uwe umegonga. Alifanya hivyo kwa saa nzima. Miguu yote ya ukumbi ilikaa sawa na besi.

Isipokuwa ya mtu mmoja.

Alikuwa nyuma, karibu na ukuta, shati la kijivu, mgongo kwa kamera. Wote waliomzunguka walimwiga, lakini wao walifuata muziki. Yeye alikuwa na mwendo wake, wa taratibu, usiobadilika hata wimbo ulipobadilika. Ferista alidhani ni kosa la kamera. Akasogeza sauti mbele, akairudisha nyuma. Haikusaidia. Mwishowe akaizima kabisa ili atazame mwili peke yake.

Hapo ndipo alipoona.

Mtu yule hakuwa anacheza. Mkono wa kulia ulipanda, ukashika kitu hewani, ukakivuta chini. Vidole vya kushoto vikapita juu yake haraka haraka, vikikwanyua, kisha vikashuka kiunoni kumwaga. Alikuwa anachuma kahawa. Na kila alipomaliza tawi, kabla ya kuliachia, alilitikisa mara mbili.

Ferista alisukuma kiti nyuma.

Alimjua mtu mmoja tu duniani aliyechuma kwa mkono wa kushoto na kutikisa tawi mara mbili. Walikua pamoja kwenye mstari mmoja wa mibuni, nyumbani kwao karibu na Mbozi Mission. Naye alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa.

Akaiacha picha iendelee. Kijana akageuka kidogo, taa nyekundu ikampita usoni. Ncha ya sikio la kulia haikuwepo. Mbwa wa jirani aliing'oa akiwa mtoto wa miaka saba.

"Ipyana," Ferista alisema, peke yake, mchana kweupe.

Mdogo wake alikufa akiwa na miaka ishirini na minne. Walisema alianguka shambani kwa baba yao mdogo, Yonasi, akakata roho kabla ya gari kupatikana. Ferista alikuwa chuoni Iringa. Basi lilipomfikisha, alikuta udongo umeshapigwa koleo. Baba mdogo Yonasi ndiye aliyesimamia kila kitu, maana baba yao mwenyewe alishatangulia. Na msimu ule ule watu walianza kunong'ona. Wakulima wenzake Yonasi walihangaika kutafuta vibarua, mazao yakaiva hadi yakadondoka. Shamba la Yonasi lilikuwa limechumwa lote, na hakuna aliyewahi kumwona kibarua akiingia wala kutoka. Wakasema ana misukule: watu waliofichwa kwa uchawi, ndugu wakadhani wamewazika, kumbe wanafanyishwa kazi usiku bila kulala. Ferista, mwanakwaya tangu utotoni, aligombana na kila aliyemletea maneno hayo.

Sasa akampigia Shadrack. "Picha hizi ni za lini?"

"Januari na Februari. Mwaka huu."

"Una uhakika? Si za zamani?"

Shadrack akasema polepole, "Tarehe ya kamera huwa siirekebishi. Lakini nilikuwepo, Feri. Ni mwaka huu. Kwani... unamjua?"

Ferista alikata simu. Ghafla hakumwamini Shadrack wala diski yake. Kwa nini kazi hii ilimfikia yeye, kati ya wahariri wote wa Mbeya na Songwe?

Hakumwambia mtu. Hata mama yake hakumwambia. Jumapili, baada ya ibada, alipanda basi la Tunduma.

Klabu ile ya kwenye filamu, Jumapili huwa na bugi, disko la mchana, kuanzia saa tisa alasiri. Nje jua lilikuwa linachoma na wauza matunda walikuwa wanaitana. Ndani, nyuma ya mapazia meusi, hukujua kama ni mchana au la. Besi ilimpiga Ferista kifuani kabla macho yake hayajazoea giza. Vijana kama themanini hivi, na wote mikono juu. Wanavuta. Wanakwanyua. Wanamwaga. Wanatikisa mara mbili. Wanacheka.

Angempata vipi humo?

Alipanda kwa DJ, kijana aliyeitwa Lucky, ambaye alikuwa ametokea kwenye filamu akieleza jinsi anavyochanganya midundo. Akamsogelea sikioni.

"Kata sauti."

"Dada, unataka wanivunjie spika?"

"Sekunde kumi tu. Nakuomba, kaka yangu. Nafanya filamu ya Shadrack."

Lucky alimtazama kwa mashaka. Kisha akashusha mkono.

Kimya kikaanguka.

"Umeme! Umemeee!" wakapiga kelele. Wakacheka, wakajipepea kwa mashati. Halafu kicheko kikaanza kufa. Kilifia nyuma kwanza, kikaja mbele, mstari kwa mstari, kila mmoja akigeuka kutazama alikotazama mwenzake.

Mtu mmoja alikuwa bado anacheza.

Tk. Tk. Tk.

Ni kucha zake. Zilikuwa zikigongana kila alipokwanyua. Tawi moja likaisha. Akalitikisa mara mbili. Akahamia jingine.

Ferista alishuka. Watu walimpisha. Kadiri alivyokaribia, harufu ilizidi: kahawa iliyomenywa ikaachwa kwenye maji mpaka ikachacha. Ilikuwa Machi. Mbozi nzima hapakuwa na tunda moja la kahawa lililoiva.

"Ipyana..."

Mikono ikasimama hewani.

Akageuka. Alikuwa yeye, amekonda, ngozi imekwajuka kama ya mtu asiyepata jua. Alimtazama dada yake kama mtu anayemtazama mwenzake aliye ng'ambo ya bonde, akijaribu kujua ni nani. Ferista akamshika mkono. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa utomvu, ngumu kama gome.

"Ni mimi. Twende nyumbani."

Kijana akafungua kinywa. Palipotakiwa kuwa na ulimi palikuwa na giza tu. Alileta meno ya juu juu ya mdomo wa chini, akasukuma pumzi.

"Ff..."

Ferista alisogeza sikio karibu na kinywa kile.

"Ff... Ff..."

Alikuwa anajaribu kusema jina lake.

Wasichana wawili wakapiga ukunga. Lucky, kwa hofu, akarudisha muziki. Besi ikatua kama gunia, taa zikaanza kuzunguka, na mkono uliokuwa ndani ya mkono wa Ferista ukaanza kukwanyua wenyewe. Ukachomoka. Watu wakakimbilia huku na huku, wakaingia katikati yao. Mlango wa nyuma ukafunguka, mwanga wa jua ukaingia, ukafungwa.

Alipofika nje palikuwa na uchochoro mtupu na ukuta wa malori. Akauzunguka ukuta mbio hadi barabarani.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na pikapu aliyoifahamu.

Baba mdogo Yonasi aliteremsha kioo. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. "Panda, mwanangu. Shemeji, mama yako, kaniambia umekuja Tunduma. Ni mbali, nikasema nikufuate."

Nyuma ya gari palikuwa na turubai, limefungwa kwa kamba kila upande.

"Umebeba nini, baba?"

"Mbolea."

Alijibu bila kugeuka. Turubai lilikuwa umbali wa mkono mmoja tu. Kulikuwa na harufu, au labda alitoka nayo ndani, kwenye nguo zake. Watu walikuwa wanapita. Angepiga kelele, wangekuja. Angefungua kamba moja tu.

"Nitapanda basi," alisema.

"Kama unavyotaka." Kioo kikapanda. Gari likaondoka taratibu, bila haraka yoyote.

Hakulifunua lile turubai. Mpaka leo jambo hilo ndilo linalomnyima usingizi kuliko kinywa kile.

Mama yake, Marita, alikuwa anapepeta mahindi uani Ferista alipofika nyumbani, giza likianza kuingia.

"Mama, ulimwambia baba mdogo nimekwenda Tunduma?"

"Mimi?" Mama akainua uso. "Mimi nilijua uko Vwawa."

Ferista akaketi chini, kwenye makapi. Akamweleza yote, isipokuwa habari za ulimi. Alitegemea mama angelia, au angemkemea kwa kuleta habari za kishetani nyumbani. Mama hakufanya hata moja. Aliendelea kupepeta, ungo ukipanda na kushuka, mpaka haukuwa na kitu tena.

"Mama. Nani alimwosha Ipyana?"

"Nilikuta ameshaoshwa."

"Ulimwona?"

"Uso. Walinifunulia uso." Akaweka ungo chini. "Nikamshika paji."

"Ndiyo..."

"Alikuwa wa moto, Ferista."

Mbwa alibweka mbali, akanyamaza.

"Nikawaambia. Nikasema, jamani, mtoto ana joto. Baba yako mdogo akasema ni mikono yangu, ina homa ya kilio. Wanawake wakanishika wakanitoa nje. Nikasikia misumari inapigwa." Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, kama aliye kanisani. "Ningemwambia nani? Kwamba nimezika mtoto wa moto, nami nimesimama pale?"

Ferista akauokota ungo, akauweka mapajani.

Mama aliuliza, "Amekonda?"

"Amekonda, mama."

Ndipo alipolia.

Tangu siku ile kijana wa shati la kijivu hajaonekana tena Tunduma. Lucky anasema alikuwa mgonjwa wa akili tu, wa huko Zambia, ndugu zake wamemchukua. Shadrack alirudishiwa diski yake, na Ferista hakuchukua hata senti. Lakini staili imeshatoka mpakani. Imefika Vwawa, imefika Itumba, na kwenye sendofu watoto wanaicheza mbele ya wazee, na wazee wanapiga makofi.

Mama na binti waliamua kuomba kaburi lifunguliwe. Jambo hilo halifanywi hivi hivi. Lazima mahakama iridhie, na barua isainiwe na wanaukoo. Waliiandika Mei, kahawa ikianza kuwa nyekundu, wakaita kikao sebuleni kwa Marita. Ferista hakulala siku mbili akijiandaa kwa ugomvi. Alijua baba mdogo Yonasi angekataa, na kukataa kwake kungekuwa ndiyo jibu.

Yonasi alifika wa kwanza. Alisoma barua yote, kidole kikifuata mistari. Akaomba kalamu. Akasaini kabla ya mtu mwingine yeyote, mwandiko safi, akaisukuma barua katikati ya meza.

"Fungueni," alisema kwa upole. "Mimi sina neno."

Akasimama, akavaa kofia. Mlangoni akageuka, akamtazama Ferista, si mama.

"Mkikuta mtu humo ndani, mwanangu, mtazameni vizuri kwanza. Msianze kulia kabla hamjajua ni nani."