Pembe za Ardhi na Punda wa Mndolwa

Katika zama zile ambazo mji ulihesabiwa kuwa mji kwa bunduki zilizosimama nyuma ya boma lake, ndui iliingia Uzigua ikakaa miezi minane. Ilipoondoka, mji wa Kwamzindo ulikuwa umezika karibu wapagazi wake wote, wale wanaume wa mabega magumu waliokuwa wakitoka nyikani na pembe begani huku wakiimba. Msiba ule haujapoa, zikaja habari kwamba wavamizi waliokwisha kuchoma miji miwili ya kusini wanangoja mto wa kusini upungue tu, wavuke.

Bunduki za gumegume zilikuwapo mjini, arobaini na ushei. Baruti ndiyo iliyokuwa haipo. Mfanyabiashara mmoja wa pwani alikuwa amepiga kambi nje ya lango na mapipa yake ya baruti, akasema bila kupepesa macho kwamba atangoja mpaka mwezi uandame mara mbili, kisha anakwenda zake. Hakutaka ng'ombe, hakutaka mtama. Alitaka pembe za ndovu.

Basi macho ya watu wote yakamwelekea Mndolwa wa Sengasu, fundi mkuu wa kuwinda ndovu, mtu wa makamo, mrefu, mwenye shuka ya kaniki na kovu lililotoka sikioni hadi kidevuni. Mkewe na binti zake wawili walikuwa ndani ya boma lile, naye alijua vizuri wavamizi huwafanya nini wanawake wa mji ulioanguka. Kuua ndovu hakukumtia hofu. Kilichomkosesha usingizi ni nani atakayezibeba pembe, maana mafundi waliosalia walikuwa watano tu, yeye na mdogo wake Mgaza wakiwemo.

Akapiga moyo konde, akafanya jambo ambalo hakuna Mzigua wa mji ule aliyewahi kulifanya. Alikwenda kwa Wakwavi, wafugaji wa ng'ambo ya mto wa kaskazini, na shanga na masango ya shaba, akarudi na punda sita. Watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. Walicheka zaidi walipoona nyuma ya punda anakuja mwanamke mtu mzima, kichwa amekinyoa, shingo imejaa masango. Huyo alikuwa Nailepu, mjane, mwenye punda wale. Kwa Wakwavi kumfunga punda mzigo ni kazi ya wanawake, na Nailepu alikataa katakata kuwaachia wanyama wake watu wasiojua hata pa kuwashika.

Siku ya kuondoka, Zumbe Semkiwa, mtawala wa mji, alimpa Mndolwa vitambaa vyeupe vya merikani. Desturi ilikuwa ya tangu enzi za mababu. Ndovu akianguka, pembe iliyogusa udongo ni ya ardhi, yaani ya zumbe aliyeishika ardhi, nayo hufungwa kitambaa cheupe. Ile ya juu ni ya fundi. Pembe ya ardhi haichukuliwi pamoja na pembe ya fundi kwenye bega moja, ili mtu asije akajichanganya na nchi. Enzi za wapagazi halikuwa neno kubwa, kwani kila pembe ilikuwa na bega lake.

Njiani Nailepu aliwafundisha, nao walijifunza shingo upande. Alitandika kwanza ngozi laini, juu yake mto wa majani makavu, kisha shogi, ile mifuko miwili ya ngozi inayoning'inia huku na huku. Alimkaza punda ukanda wa tumbo, akangoja, akamkaza tena, kwa kuwa punda hujaza tumbo pumzi akikazwa, na akizitoa ukanda hulegea. Siku tatu za mwanzo aliwabebesha mawe machache tu, asubuhi hadi adhuhuri. Aliwapaka puani mafuta ya ndovu kidogokidogo ili siku ya damu wasitimue mbio. Kila alipopakia aliinua mfuko wa kulia na wa kushoto kwa mikono miwili, amefumba macho, mpaka aone uzito umelingana.

Mafundi walimtania kwamba anabembeleza wakwe. Mgaza peke yake, kijana mcheshi asiyejua kununa, ndiye aliyeuliza na kushika mwenyewe, na kabla ya siku kumi alikuwa anafunga punda vizuri kama mwanamke wa Kikwavi. Mndolwa aliona, akajitia hamnazo. Yeye alikuwa fundi wa bunduki, mambo ya mikanda hayakumhusu.

Waliwakuta ndovu siku ya kumi na tano, kwenye mbuga kavu ambayo mtu hutembea siku nne pasipo maji. Wawili waliangushwa asubuhi bila tabu. Wa tatu, dume la pembe nzito, alipigwa risasi mbili, akawageukia. Alimkanyaga Mgaza paja kabla Mndolwa hajamweka chini kwa gobori lake. Mfupa ulivunjika vibaya. Walimfunga kwa vijiti na ngozi mbichi, wakamtengenezea machela, lakini jioni ile ile mwili wake ulikuwa unachemka kwa homa.

Walikuwa na pembe sita. Tatu zilifungwa vitambaa vyeupe. Walijaza vibuyu kwenye kisima cha mwisho kabla ya kuikata mbuga ile kurudi, na hapo ndipo penye kosa lililowagharimu.

Nailepu alitaka pembe mbili za ndovu mmoja zikae juu ya punda mmoja, maana zimezaliwa pamoja na uzito wake haupishani. Punda watatu wachukue pembe, watatu wachukue maji. Mndolwa alishtuka kama aliyeambiwa avue nguo sokoni. Pembe ya ardhi na ya fundi mgongo mmoja! Akaamuru kila punda achukue pembe moja upande huu, na vibuyu vya maji upande wa pili.

"Fundi," akasema Nailepu, "pembe haipungui njiani. Maji yanapungua. Kesho mkinywa, punda wangu atakuwa amebeba upande mmoja."

"Mama, wewe unajua punda," akajibu Mndolwa. "Mimi najua nchi yetu."

Mgaza, kutoka kwenye machela, alimwomba kakaye amsikilize yule mama. Mndolwa alimwambia apumzike.

Ikawa kama Nailepu alivyosema. Siku ya kwanza walikunywa, mashogi yakaanza kwenda mrama. Siku ya pili walijaza udongo kwenye mifuko iliyopungua maji ili kuleta usawa, na hebu fikiria, watu wenye kiu wanaongoza wanyama waliobeba udongo, katikati ya nchi isiyo na kitu kingine ila udongo. Udongo haukutulia, ulisogea kila hatua. Mikanda ikachubua, mito ya majani ikahama, migongo ikawa vidonda vinavyotoa usaha, na nzi wakafuata. Nailepu alitembea kando ya wanyama wake akilia bila sauti. Punda wawili walilala chini siku hiyo na hawakuamka tena, na pembe zao wakapokezana kuzibeba watu waliokuwa tayari wamebeba machela.

Siku ya tatu, saa ya jua la utosi, punda aliyechukua vibuyu vya mwisho alijikwaa. Pembe ilimvuta upande wake, akapinduka mzimamzima, akaangukia vibuyu. Vyote vilipasuka. Watu walijitupa chini kunyonya udongo uliolowa, lakini mbuga ile ilikuwa imekwisha kuyanywa.

Mgaza alidumu mpaka alasiri. Ulimi ulikuwa umevimba, maneno hayatoki, ila macho yake yalimfuata kakaye kila alikokwenda. Mndolwa alimwekea kivuli kwa mwili wake, akasimama vile tangu mchana hadi pumzi ilipokatika. Hakuna laana aliyoikumbuka mtu yule ambayo hakujilaani nayo.

Walichimba kaburi kwa visu. Sanda haikuwapo. Ndipo Mndolwa alipokwenda kwenye pembe za ardhi, akafungua vitambaa vyeupe, kimoja baada ya kingine, akamfunika navyo mdogo wake uso, kifua na mikono. Wenzake walitazama chini.

Alipomaliza alikusanya pembe zote sita pahali pamoja. Akazinyanyua mbilimbili, amefumba macho, akitafuta zinazolingana, wala hakuuliza ipi ilitoka wapi. Nailepu alimshikia shogi. Akapakia punda watatu, akakaza mikanda, akangoja, akakaza tena. Wa nne alimwacha atembee mtupu. Mizigo haikuyumba tena. Kesho yake asubuhi punda walinusa mto, wakawafikisha.

Waliingia Kwamzindo mwezi wa pili umebakiza siku mbili kuandama. Vigelegele vilipigwa, kisha vikazimika, maana watu walihesabu wakaona mmoja hayupo. Mama yao Mndolwa na Mgaza alipita kati ya punda akitazama nyuso, akarudia tena. Mndolwa alimshika mkono, naye mama akaelewa.

Zumbe alikuwa amekaa uwanjani na wazee wake. Ilikuwa desturi aitemee mate ya baraka pembe ya ardhi kabla ya chochote kuuzwa. Alizitazama pembe sita zilizolazwa juu ya ngozi, hakuona kitambaa.

"Za ardhi ni zipi?" akauliza.

Mndolwa angeweza kunyoosha kidole. Zumbe asingejua, wazee wasingejua, na wale mafundi watatu walikuwa wakimwomba kwa macho anyooshe. Mkewe alikuwa pale na binti zake. Angelala nyumbani siku ile.

"Sizijui, zumbe," akasema. "Nilipokuwa nazijua, mdogo wangu alikufa."

Mzee mmoja alisema kwamba huyu amefuta mpaka wa mtu na nchi, na nchi ikikasirika baruti haitafaa kitu. Mwingine akasema pembe zitupwe mtoni. Lakini yule mfanyabiashara alikuwa amekwisha kuinuka kuzipima, na kila mtu aliyaona mapipa. Zumbe Semkiwa alifikiri sana. Kisha akatoa hukumu, kwamba pembe zitauzwa, na aliyezichanganya atoke katika nchi kabla jua halijatua, asirudi, na mkewe akimfuata basi watoto wabaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo.

Mke hakuweza kuwaacha. Mndolwa hakumlaumu. Alimfungia mkanda wa shuka ya mdogo katika binti zake, uliokuwa umelegea, akatoka langoni na Nailepu na punda wanne wenye vidonda.

Wavamizi walivuka mto wa kusini siku ya tisa tangu hapo. Walikaribishwa na bunduki arobaini zilizoshiba baruti, wakaacha maiti wengi penye kivuko, na hawakuikaribia Kwamzindo kwa miaka ishirini. Ng'ambo ya mto wa kaskazini, kwa Wakwavi, aliishi mwanamume wa Kizigua aliyefunga punda mizigo pamoja na wanawake, na vijana wakimcheka aliendelea kukaza mikanda.

Wasimulizi wa mji ule walizihifadhi habari zao vizuri. Wanalo jina la Zumbe Semkiwa, wanayo idadi ya mapipa, wanajua hata bunduki gani ililia kwanza. Mafundi watatu walizeeka wakiwa watu wa heshima, wakaoa, wakazikwa kwa ngoma. Mama yake Mgaza aliwaendea mmoja mmoja kuwauliza mwanawe amelala wapi, akawakuta wote wameisahau njia. Aliyekuwa anaijua ni mmoja, naye alikuwa amekatazwa kuvuka mto.