Jiwe Juu ya Kizibo

Enzi za Mdachi, katika kisiwa cha Chole, aliishi mhunzi hodari aliyeitwa Ussi. Akipiga chuma, chuma kilimtii. Lakini asubuhi moja aliusukuma kando muhogo wake.

"Kula, mume wangu," mkewe Mize alimwambia. "Umepewa karakana, hukupewa jeneza."

"Afadhali jeneza. Jeneza ningejua kulibeba."

Karakana hiyo ilikuwa ya Bwana Muhsin. Ndani yake kulikuwa na kinu kilichokamua mafuta ya nazi kwa nguvu ya mvuke. Msimamizi wake alikuwa amerudi kwao Unguja. Bwana Muhsin akamwambia Ussi, "Sasa msimamizi ni wewe." Ussi aliitikia tu. Hakusema kwamba alichokijua ni nyundo, tupa na jiriwa. Lile pipa kubwa la chuma lililochemsha maji hakulijua. Lilipofoka, alirudi nyuma.

"Kamuulize Fundi Ameir," Mize alisema. Fundi Ameir, jirani yao, alikuwa ametumikia mitambo ya meli muda mrefu.

"Msimamizi akaulize? Watanicheka. Nduguyo Mbaraka atakuwa wa kwanza."

"Mbaraka hucheka hata mazikoni."

Ussi hakwenda kuuliza.

Siku hiyohiyo kulikuwa na maulidi ya wanawake nyumbani kwa Bimkubwa, mama yake Bwana Muhsin. Ua wake ulipakana na karakana. Ukuta mmoja tu ulivitenga. Baada ya adhuhuri wanawake walijaa uani, na Mize miongoni mwao.

Juu ya pipa palikuwa na kizibo chenye mkono wa chuma. Mvuke ulipozidi, ulikiinua kizibo ukatoka kwa mluzi mkali. Mluzi ule ukaifunika kasida.

"Enyi wa karakana!" Bimkubwa alipaza sauti ng'ambo ya ukuta. "Mtume anasomewa, nanyi mnapiga miluzi? Hamna adabu?"

Mbaraka, aliyekuwa akichochea moto, aliona haya. Akatafuta jiwe, akalitundika kwenye ule mkono wa kizibo. Mluzi ukakoma.

"Haya, limepata adabu," akacheka.

Ussi hakucheka. Ule mvuke uliokuwa ukitoka, sasa unakwenda wapi? Akaitazama saa ya mvuke. Saa hiyo ina mshale mmoja tu, nao huonyesha nguvu iliyomo ndani ya pipa. Mshale ulikuwa unapanda. Ukafika kwenye mstari mwekundu. Ukaupita. Tanurini vifuu vya nazi viliwaka kwa ukali. Pipa likaanza kutoa sauti ya chini, kama mtu anayesaga meno.

"Shemeji, niliondoe jiwe?" Mbaraka aliuliza. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

Ussi hakujua. Ng'ambo ya ukuta aliisikia sauti ya Mize ikiitikia kasida.

"Usiguse kitu! Usichochee!" alisema, akatoka mbio.

Alimkuta Fundi Ameir barazani kwake. "Fundi! Tumetundika jiwe kwenye kizibo. Mshale umepita wekundu. Sijui la kufanya. Sijui!"

Ameir alikwisha simama. "Maji yamo?" aliuliza huku wakikimbia.

"Kioo cha kupimia maji kinaonyesha yamo."

"Alhamdulillahi. Mimi na Mbaraka tutauzima moto kwa mchanga mbichi. Jiwe lisiondolewe kwa pupa, mshtuko waweza kulipasua pipa. Wewe watoe watu."

"Maulidini? Bimkubwa atanilaani!"

"Akulaani akiwa hai."

Ussi aliingia uani bila hodi. Wanawake walikuwa wamesimama wakimsalia Mtume. Walipomwona mwanamume, wakajifunika nyuso.

"Tokeni! Nendeni pwani! Pipa litapasuka!"

"Mwanamume uani?" Bimkubwa alifoka. "Huna haya?"

"Leo sina, mama! Tokeni!"

Mize hakuuliza neno. Alimshika Bimkubwa mkono, akamvuta. Wengine wakafuata.

Ussi alirudi karakanani kuwasaidia wenzake. Walimwaga mchanga tanurini mpaka moto ukafa. Kisha wakasogea mbali, wakangoja. Mshale ulisimama ukitetemeka. Ukashuka kidogo. Ukashuka tena. Ulipofika chini ya wekundu, Ameir akalilegeza jiwe polepole, na mvuke ukatoka kwa ngurumo. Mbaraka alikaa chini akalia kama mtoto.

"Mvuke hauna adabu," Ameir alisema. "Hauheshimu hata maulidi. Ukijua jirani ana shughuli, punguza moto mapema."

"Fundi, msimamizi anatakiwa ajue nini?"

"Mikono ijue kuifungua mashine na kuifunga tena. Hilo unalo nusu. Ujue kupima, na ujue maji na moto vinafanya nini humo ndani usimoona. Upange kazi kabla haijakupanga wewe. Na watu, Ussi! Kila mtu ajue anachokigusa ni cha nini. Mbaraka si mbaya. Nani alimfundisha?"

"Hakuna," Ussi alijibu kwa sauti ndogo. "Niliogopa kuchekwa."

"Mimi melini walinicheka, nikacheka nao. Walipochoka kunicheka, nilikuwa nimekwisha jua."

Kesho yake Ussi alimwambia Bwana Muhsin, "Kazi hii siijui bado. Kinu kisimame nijifunze."

Bwana Muhsin alikunja uso. Mama yake akakohoa. "Muhsin, nyuma ya ukuta ule nilikuwepo mimi."

Kinu kikasimama. Ussi alifundishwa na Ameir, kisha akapelekwa kwenye karakana ya meli Dar es Salaam. Huko alianza kwa kufagia na kupaka mashine mafuta. Alirudi akiwa anaweza kuifungua mashine nzima na kuiunga tena.

Siku moja chombo kilikuwa kinasubiri kupakia mafuta. Bwana Muhsin akaamuru, "Washeni!"

"Hapana, Bwana," Ussi alisema. "Kioo cha maji kimeziba. Hatuoni maji yako wapi."

"Bado unaliogopa pipa?"

"Naliogopa sana, Bwana. Ila sasa najua ninachokiogopa."

Mbaraka akauliza mbele ya wote, "Shemeji, kioo hicho kinasafishwaje?"

Hakuna aliyecheka. Ussi akampa spana. "Njoo. Fungua wewe, mimi nikuelekeze."

Wafanyakazi wakazunguka kutazama. Bwana Muhsin naye akapandisha kanzu yake, akasogea karibu ili aone vizuri.