Shaba ya Kiti cha Mdogo Wake

Kila Jumamosi, Chiriku alifagia karakana ya mama yake, akafunga nywele kwa kitambaa, akavaa miwani ya kazi. Jina hilo alilipata kwa maneno yake: tangu kuamka mpaka kulala, mdomo haukujua likizo.

Siku hiyo kazi ilikuwa ya nyumbani. Bushi, kile kipete cha shaba ndani ya gurudumu la kiti cha magurudumu cha mdogo wake, ilikuwa imelika, kiti kikayumba, na shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Bila bushi mpya mtoto asingefika darasani. Shaba iliyobaki karakanani ilikuwa kipande kimoja, tena kifupi.

Mama alikuwa akinoa kisu cha mashine ya kukereza. Alimwambia Chiriku akifunge kipande hicho kwenye taya za mashine. Chiriku alikiingiza, akaona nusu yake imemezwa na taya. Akaogopa bushi itakuwa fupi. Basi akakivuta nje kikashikwa kwa ncha tu, upana wa ukucha, akazikaza taya kwa ufunguo wake kwa nguvu zote, akauchomoa.

"Imeshika?" mama aliuliza. Kwao, aliyefunga ndiye aliyejibu, na ndiye aliyewasha.

"Imeshika."

Mdogo wake alijisogeza na kiti chake, miwani imemfunika nusu ya uso, akakaa mbele kabisa aione shaba yake.

"Mama," alisema, "leo Chiriku kamezwa na paka. Kimya."

Kidole cha Chiriku kilikuwa juu ya swichi. Aliitazama shaba, akautazama ule uso mdogo ulioielekea, pale pale ambapo ingerukia ikichomoka. Akaondoa kidole.

"Mama, haijashika. Niliogopa bushi itakuwa fupi."

Mama alikitikisa kipande kwa mkono, kikamdondokea kiganjani. Alikisogeza kwanza kiti cha mtoto pembeni, kisha akakizamisha kipande ndani ya taya na kukaza.

"Tutakereza upande huu, halafu tukigeuze tukereze ule. Hakipungui kitu. Ungeniuliza tu, mwanangu."

Chiriku alilia. Mama alimfuta machozi kwa mgongo wa mkono, akamwachia grisi shavuni.

Jioni kiti kilivuka karakana bila kuyumba. Mama alimkumbatia Chiriku.

"Mashine haijui unampenda nani," alisema. "Inajua kitu kimeshikwa au hakijashikwa. Ukiwa na shaka, sema kabla hujawasha, hata kama umeshadanganya. Leo umesema, ndiyo maana tunacheka."

Chiriku alifungua mdomo kujibu, na hakuufunga mpaka wakati wa kulala.