Mgeni Hutoka Kwanza

Surinder, mwenye duka, aliniachia ufunguo saa kumi na mbili jioni, Ijumaa moja ya mwaka 1998. "Walter, maliza kadi za harusi, funga duka, nenda nyumbani," akasema. "Na simu yangu usichezee." Nikamjibu ndiyo, Bwana. Sote wawili tulijua nitaichezea.

Duka letu la kupiga chapa lilikuwa karibu na soko la Jubilee, hapa Kisumu. Chumba kimoja, kompyuta mbili, mlango mmoja wa bati wa kuviringisha. Jioni bei ya simu ilikuwa rahisi, nami nilikuwa mateka wa mchezo ulioitwa Boma. Haukuwa na picha, maandishi tu. Watu wa Nairobi, wa Eldoret, hata wa ng'ambo waliingia kwa laini ya simu, wakatembea chumba hadi chumba kwa kuandika maneno. Ukitaka kuondoka chumbani, unaandika TOKA.

Wengi walikwama. Wakikwama waliuliza kwenye ubao wa maswali, na mjibu maswali nilikuwa mimi. Kichwa kilikuwa kikubwa, sikatai. Hakuna sheria ya Boma iliyonishinda. Aliyekwama kabisa nilimvuta chumbani kwangu kwa kuandika KARIBU na jina lake. Akishaingia, anatoka kwa mlango wangu, nami namfuata.

Lakini jioni hiyo nilikuwa nimeapa kurudi mapema. Mke wangu Lornah alikuwa peke yake kule Nyamasaria, mimba ya miezi tisa. Asubuhi alinishika mkono. "Walter, leo usichelewe. Uchungu ukinishika nitaita nani?"

Dakika kumi tu, nikajiambia.

Ubaoni kulikuwa na swali moja.

"Niko kwa chumba haina mlango. Natoka aje?"

Jina la muulizaji: Aoko.

Nikacheka. Wageni ni walewale. Nikamjibu kwamba Boma haina chumba kisicho na mlango, aandike TOKA.

"Nimeandika. Narudi hapa hapa."

"Chumba kina nini?"

"Maji."

Ndipo nikasikia sufuria ya kwanza.

Ilitoka upande wa ziwani, mbali. Ngo, ngo, ngo. Kisha mabati, kisha madebe, mtaa mzima ukaitikia. Kila aliyekulia hapa anajua maana yake. Nyawawa wanapita. Ni pepo wa ziwani, huenda nyumba kwa nyumba, na kila nyumba hugonga chuma ili wasogee kwa jirani. Nyumba iliyonyamaza ni nyumba iliyofungua mlango.

Mama Dorca, muuza samaki wa ng'ambo ya barabara, alikuwa akipiga karai lake kwa mwiko. "Walter! Wewe! Si ugonge mlango yako!"

"Niko na kazi, Mama!"

"Kazi gani ya kushinda nyawawa? Gonga, bwana!"

Sikugonga. Mtu wa kompyuta agonge bati? Nikavuta mlango ukashuka hadi chini nipate utulivu, nikarudi kwa Aoko.

"Sheria yenu ya mgeni ni gani?" alikuwa ameandika.

"Mgeni hutoka kwanza, mwenyeji baadaye."

"Na mgeni akikataa kutoka?"

"Basi mwenyeji naye hatoki," nikaandika, nikijiona mwalimu. "Usijali. Nakuvuta."

Nje kelele zilifika nyumba ya jirani. Zikafika kwetu. Duka langu peke yake lilikuwa kimya, vidole vyangu tu vikigonga herufi.

KARIBU AOKO.

Sufuria zikanyamaza zote kwa pamoja…

Kwenye kioo cha kompyuta pakaandikwa: Aoko ameingia.

Harufu ikaja. Tope, na yale magugu ya ziwani yakioza. Kisha tone. Tone lingine. Nyuma yangu, sakafuni.

Sikugeuka. Naapa sikugeuka. Niliinuka nikitazama ukuta, nikapapasa hadi mlangoni. Nikashika bati, nikavuta. Halikusogea. Nikalipiga kwa ngumi nikiita Mama Dorca, lakini bati halikutoa mlio. Nililipiga tena. Hakuna. Nilikuwa napiga ukuta.

Nikarudi kwenye kiti macho nimeyafumba nusu, nikaandika TOKA. Kioo kikajibu:

Mgeni hutoka kwanza.

TOKA. TOKA.

Mgeni hutoka kwanza.

Maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vyangu. Baridi. Nilimfikiria Lornah, nikaanza kulia waziwazi.

"Aoko, tafadhali. Toka."

"Niende wapi? Sina kwetu."

Tone… tone… sasa karibu na sikio langu.

"Wewe ukitoka unaenda wapi, mwenyeji?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kutaja Maseno, au kuzimu. Lakini niliogopa, na mwoga husema kweli.

"Nyamasaria. Nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mke wangu anakaribia kujifungua."

"Asante, mwenyeji."

Aoko ametoka.

Mlango wa bati ukapanda wenyewe.

Niliendesha baiskeli mbio hadi Nyamasaria. Uani kwangu wanawake walikuwa wamesimama na taa. Lornah alikuwa amelala kwenye kanga, sufuria na mwiko kando yake. Alikuwa ametoka kugonga, kwa sababu wa kumgongea hakuwepo. Uchungu ukamshikia hapo hapo.

"Msichana," akasema jirani yetu Nasipwondi, aliyemzalisha. "Na si amezaliwa nje? Nyinyi Wajaluo jina mko nayo tayari. Aoko."

"Hapana!" Nilipiga kelele hadi wakashtuka. "Lolote, si hilo."

Mtoto akaanza kulia.

Alilia Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Titi alilikataa. Kwetu mtoto wa namna hiyo anadai jina, kwa hiyo mama yangu alikaa naye akitaja wafu wetu mmoja mmoja. Milka. Perez. Benta. Wote akawakataa.

Jumatatu nilikimbia dukani nikafungua ubao. Maswali ya Aoko hayakuwepo hata moja. Majibu yangu tu, yamepangana. Karibu Aoko. Nyamasaria. Nyuma ya mashine ya kusaga unga.

Niliporudi sauti ya mtoto ilikuwa imekauka. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Lornah alinitazama.

"Wewe jina unaijua, Walter. Naona kwa macho yako. Mtoto atanifia hapa."

Nilipiga magoti. Ngozi ya mtoto ilikuwa baridi, na nywele zilikuwa na unyevu.

"Aoko," nikanong'ona. "Karibu."

Akanyamaza. Akatafuta titi, akanyonya.

Lornah akacheka na kulia kwa pamoja, akinituma niwaambie wanawake waliongoja uani. Nikainuka. Nikashika komeo la mlango.

Kunyonya kukakoma nyuma yangu.

Nikageuka. Mtoto wa siku tatu alikuwa ameliachia titi, akinitazama. Hakulia. Alinitazama tu, kwa utulivu wa mtu anayeijua sheria.

Niliachia komeo, nikarudi nikaketi.