Dirisha la Kulia

Nasike alikuwa ameenda tu kuchota maji ya chai. Aliporudi mezani, kwenye kompyuta kulikuwa na madirisha mawili.

Aliacha moja, limejaa kioo kizima: programu ya mazishi, ile karatasi ya picha na maisha ya marehemu, ya bibi mmoja wa Kiminini. Sasa lilikuwa limebanwa kushoto, na kulia lilisimama jingine la ukubwa uleule, bega kwa bega, kama watu wawili wanaopigwa picha. Hilo la pili lilikuwa na msalaba juu na fremu katikati. Ndani ya fremu hakukuwa na mtu.

"Mama, umegusa mashine yangu?"

Rosaline, mwenye duka, hakuinua macho kutoka kwenye mashine ya fotokopi. "Mimi niguse nini? Si ni wewe umefinya ile kitu ya kupanga madirisha. Kompyuta inajipangia, bana. Afadhali hiyo, inakushinda usafi."

Nasike akacheka kidogo, akalifunga. Lakini dukani kulinuka udongo uliochimbwa sasa hivi, na mvua ya Kitale ilikuwa haijaanza.

Jumatatu, Mzee Kagwe alikuja kuchapiwa barua ya shamba. Katikati ya barua kipanya kililia tik, na hakuna aliyekuwa amekishika. Madirisha yakajipanga. Katika fremu ya kulia ukatokea uso wa Kagwe, na kofia ileile aliyokuwa amevaa. Nasike alilifunga upesi, mzee asione.

Alhamisi akaja binti yake, picha mkononi. "Tunataka programu ya baba. Ametuacha jana."

Ilikuwa picha ya kofia.

Nasike hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Ijumaa saa tisa mvua ilishuka, duka likawa giza, naye alikuwa akiandika huku mwanawe Sally, wa miezi minne, amelala mgongoni, kipanya kikalia tik, na harufu ya udongo ikapanda kutoka chini ya meza mpaka ikamkaa kooni, na madirisha yakasogea polepole kila moja upande wake kama milango inayofunguliwa na mtu aliye ndani, na katika fremu ya kulia akamwona mtoto wa sweta ya manjano, sweta ambayo wakati huohuo ilikuwa inamgusa shingoni, na macho ya mtoto yule yalikuwa yamefumbwa kwa namna ambayo si ya usingizi.

Alimfungua Sally mgongoni. Alikuwa wa moto kama sufuria. Alikataa titi.

Rosaline alikiona kile kioo, utani wote ukamwisha. Alikimbia na mvua hadi mtaa wa Tuwan, akamleta Rahab, mama wa maombi.

Rahab hakupiga kelele. Alinusa, akafunga mlango. "Mwanangu, hizi programu unaziandikaje?"

"Nafungua ya yule aliyetangulia," Nasike alinong'ona. "Nafuta jina na maisha yake, naandika mwingine hapohapo. Ni haraka."

"Wa kwanza alikuwa nani?"

"Nakhumicha wa Kanduyi. Nilikuwa najifunza kazi kule Bungoma. Nilikuja na faili yake kwa flashi."

"Alikufa na nini?"

Nasike alimkumbatia Sally. "Uzazi. Na mtoto hakulia."

"Kumbe umewazika wote kwa kaburi moja, na yeye yuko chini kabisa," Rahab alisema. "Amechoka kulaliwa. Anataka mtu wa kulala kando yake. Na sasa ameona mtoto. Mpe ukurasa wake, haraka."

Nasike alifungua ukurasa mtupu, wa kwanza tangu aanze kazi hiyo. Aliandika alichokumbuka: kwamba Nakhumicha alizaliwa majira ya kupanda, kwamba aliuza mandazi karibu na uwanja wa Kanduyi, kwamba alicheka akiziba mdomo, na kila alipomaliza mstari dirisha la kulia lilikuja likiusukuma, likiubana kwenye ukingo mpaka maneno yakabaki na wembamba wa uzi, naye akaendelea kuandika bila kuyaona, Rahab akiomba kwa sauti ya chini, Rosaline akishika miguu ya mtoto na kusema, "Anapoa, Nasike, anapoa vibaya, andika."

Printa ikaguruma. Rahab akalisoma jina kwa sauti.

Dirisha la kulia likajifunga. Sally akapiga chafya, akaanza kutafuta titi.

Jumamosi Nasike aliipeleka karatasi Kanduyi, akaisoma yote kaburini, akaifukia pale. Usiku huo mtoto alinyonya akashiba.

Jumatatu asubuhi walifungua duka wakakuta kompyuta inawaka. Kioo kilikuwa kimejaa madirisha kutoka ukingo hadi ukingo, yamejipanga kando kwa kando, membamba kama mbao za ukuta, kila moja na msalaba wake. Wa Kiminini alikuwepo. Walikuwepo wote aliowafuta. La mwisho, kulia kabisa, lilikuwa na fremu tupu.

"Nasike," Rosaline alinong'ona, "kuna wateja nje."

"Waambie wangoje. Hawa wametangulia."

Alimtoa Sally mgongoni, akamfunga kifuani. Akafungua ukurasa mtupu, akajaribu kukumbuka bibi wa Kiminini alikuwa mtu wa namna gani. Alikumbuka jina tu.

Kipanya kikalia tik.